Nilivyorudi Njombe na Saa ya Bahari

Chupa ya mafuta ya nazi niliyopewa kijijini Utende, kisiwa cha Mafia, siku ya kuondoka niliifunga kwa kanga nikaipakata mkobani, kwa sababu sikuwa na imani na buti la basi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Tulipopita Chalinze, jua likiwa limekwisha kupanda, mafuta yalikuwa maji matupu, yakicheza ndani ya chupa kila dereva alipokanyaga breki. Ruaha Mbuyuni, wachuuzi wa vitunguu walipoyazingira madirisha, yalikuwa bado hivyo hivyo. Tulipomaliza kona za Kitonga na kuiacha Iringa nyuma yetu, nikaona yameingia ukungu. Mafinga yalikuwa meupe upande mmoja kama mshumaa, na tulipofika Makambako, mji ambao upepo wake hauna adabu hata kwa wageni, niliipindua chupa nzima na hakuna kilichosogea.

Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kisiwani, wakati wa upepo wa kusi, niliwahi kuyaona mara moja au mbili yameingia ukungu kidogo alfajiri, lakini yaliyeyuka kabla ya chai kuiva, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Sasa nilikuwa nimeshika mkononi kitu kigumu kisichotaka kumiminika, na nilikuwa bado na saa moja ya safari. Nilivaa sweta mbili nilizokuwa nimezisahau chini ya begi tangu Januari. Zilikuwa zinanuka chumvi.

Safari yenyewe haikupangwa kuwa ndefu. Mdogo wangu ni mwalimu katika kisiwa cha Mafia, mume wake alikuwa masomoni Dodoma, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ikimsumbua. Niliomba wiki tatu. Mume wangu akasema niende, duka ataliangalia yeye, ingawa Januari ndio mwezi ambao wakulima wa Njombe wanagombania mbolea ya kukuzia, na duka letu la pembejeo huwa halina nafasi ya kuweka mguu. Niliondoka tarehe 25 Januari, nikapanda gari Mbagala hadi Nyamisati, nikakaa kwenye boti saa nne hivi hadi Kilindoni, nikafika nikiwa nimetapika kila nilichokula tangu Morogoro. Wiki tatu zikawa sita kwa sababu mdogo wangu aliamriwa kulala. Mtoto akazaliwa Machi, katikati ya Ramadhani. Wiki sita zikawa kumi na mbili kwa sababu ya mtoto, na baada ya hapo zikaongezeka nyingine kwa sababu ambazo nikiulizwa leo sina maelezo mazuri ya kuzitolea. Mvua za masika zilikuwa kubwa. Mtoto alikuwa na mafua. Nilikuwa nimezoea.

Nimesoma maandishi mengi ya watu wanaorudi kutoka visiwani, na karibu yote hulalamikia kupoteza jua, mchanga na samaki. Mimi vitu hivyo havikunisumbua sana. Njombe ni kwetu. Baridi ya Julai nimezaliwa nayo, na ukungu unaokaa juu ya mashamba ya chai hadi saa nne asubuhi ni kitu ambacho nilikikosa kweli nilipokuwa nikijipepea kwa kipepeo usiku wa Februari. Kilichonitesa nilirudi nacho kichwani na sikuweza kukitoa: nilikuwa nimejifunza kuhesabu saa kwa maji.

Utende iko upande wa Ghuba ya Chole, mwendo wa kilomita 14 hivi kutoka Kilindoni, na ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Bibi jirani, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya mdogo wangu, alikuwa na simu nzuri kuliko yangu, lakini sikuwahi kumwona akiitazama ili kujua wakati. Alihesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa mno na yanatoka mno, kwa tofauti ya zaidi ya mita 3, na katika pwani yetu siku hizo za bamvua maji hukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi, na mara nyingine tena karibu na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Leo saa nne, kesho karibu saa tano, keshokutwa saa tano na zaidi, mpaka baada ya wiki moja maji yanatoka jioni, tena yanatoka kidogo tu, kwa uvivu. Hayo ndiyo maji mafu. Baadaye yanapata nguvu tena, na kabla ya wiki nyingine kwisha umerudi kwenye bamvua na saa nne yako. Mzunguko huo hutimia mara mbili kila mwezi wa angani, na kila kitu cha kijijini hufungamanishwa nao bila mtu kutangaza.

Siku za bamvua wanawake huteremka mwambani na michokoo yao, vijiti vya kuchokolea mashimo, kutafuta pweza, kwa hiyo siku hizo chakula cha mchana hupikwa kwa kuchelewa, watoto wadogo huachwa kwa bibi au kwa mtu kama mimi, na hakuna anayeitisha kikao asubuhi. Siku za maji mafu ndizo za kusuka ukili, kukuna nazi za shughuli, kwenda Kilindoni kununua unga na kumaliza ugomvi uliosubiri. Anayevuka kwenda kisiwa cha Chole huangalia maji kabla ya kuangalia mfuko, kwa sababu yakitoka atatembea matopeni akiwa amebeba viatu mkononi kabla ya kuifikia mashua. Hata boti niliyorudi nayo ilisubiri maji yajae ndipo ikaondoka, na abiria hawakunung'unika, isipokuwa mmoja aliyevaa tai.

Mwezi wa kwanza sikuelewa chochote. Mwezi wa pili nikawa nauliza. Kufikia Aprili, mdogo wangu akiwa ananyonyesha ndani, alikuwa akiniuliza mimi kutoka dirishani, "Dada, leo maji yanatoka saa ngapi?", nami namjibu bila kutazama kokote. Sijui kama kuna ujuzi mwingine niliowahi kuupata ukubwani ambao ulinifurahisha kiasi hicho. Niliona fahari ya kijinga kabisa, fahari ya mtu wa milimani aliyeambiwa na bibi wa pwani, "Wewe sasa si mgeni, mama mkubwa."

Ndiyo maana niliposhuka kwenye basi Njombe, karibu saa mbili na nusu usiku, na kuuona mwezi ukichomoza juu ya mipaini ukiwa umepungua kidogo sana, siku mbili tangu upevuke, neno la kwanza lililonitoka mbele ya mume wangu na watoto wawili waliokuja kunipokea halikuwa salamu. Nilisema, "Bamvua." Mume wangu akadhani nimesahau mzigo.

Siku za mwanzo zilikuwa na vituko ambavyo tunavicheka hadi leo. Asubuhi ya Jumatatu mzee mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, aliingia dukani akanisalimu "Kamwene," nami nikamjibu "Waaleikum salaam" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kisiwa cha Jibondo, kule kule Mafia. Mchana nilipika wali nikautoa ukiwa na kiini, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kwamba huku juu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi badala ya 100, na chakula hakina budi kukaa motoni muda mrefu zaidi. Maharage ya siku hiyo sitayataja. Chumvi, ambayo Utende ilikuwa ikitota na kushikamana hadi tukaichota kwa kijiko kama uji mzito, hapa ilimwagika kwenye mboga kama mchanga, na kwa siku tatu familia yangu ilikula chakula cha baharini hata kama kilikuwa kabichi. Midomo ilipasuka. Visigino vilifuata.

Jambo zito zaidi lilikuwa jikoni, na halikuhusu mwinuko. Binti yetu mwenye miaka 13 nilimwacha akijua kuchemsha chai na kukaanga yai. Nilimkuta anasonga ugali wa watu wanne, anajua viazi vinunuliwe kwa nani ili ndoo iwe imejaa kweli, na amehamisha masufuria yote kutoka kabati la juu kwenda la chini kwa sababu yeye hakufika juu. Nilipoyarudisha mahali pake, hakusema kitu. Jioni nikayakuta chini. Tuliendelea hivyo kwa siku nne, bila ugomvi na bila mazungumzo, sufuria zikipanda asubuhi na kushuka jioni, mpaka nikagundua kwamba ninaichezea nyumba yangu mchezo wa maji kupwa na kujaa, na kwamba yeye ndiye mwenye zamu. Niliyaacha chini. Yapo huko hadi sasa, nami ninainama.

Dukani hali ilifanana. Mume wangu alikuwa amepanga upya rafu, dawa za wadudu zimekwenda nyuma ya kaunta panapostahili, mbegu zimekuja mbele, na ameanzisha daftari la madeni ambalo kwa kweli lilikuwa bora kuliko langu. Wateja walioingia walimwangalia yeye kwanza. Mmoja, mama ninayemfahamu tangu shule, aliniuliza bei ya kitu, nikamjibu, kisha akageuka kumuuliza mume wangu kama ni kweli. Unapokuwa mbali unafikiri nafasi yako inakusubiri ikiwa wazi, kama kiti kilichowekewa kanga. Kumbe watu wamesogea wakakaa, na hawakukosea, kwa sababu walikuwa wamechoka kusimama.

Nami badala ya kusogeza watu taratibu nikafanya kosa la warudio wote: nikaanza kusimulia. Kule Mafia samaki huliwa siku hiyo hiyo. Kule Mafia mtu hapiti bila kuuliza umeamkaje. Kule Mafia Januari nilimwona papa potwe karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko basi dogo, na hana habari na mtu, anakula viumbe vidogo vidogo tu. Mtoto wetu wa mwisho aliupenda sana mkasa wa potwe, mara tatu za kwanza. Binti alikuwa na njia yake, alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, na siku moja mezani akatangaza kwa upole wote wa kitoto kilichoanza kuwa kikubwa, "Mama, leo ni mara ya saba." Mume wangu alitazama sahani yake.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nilikuwa nikiwasimulia nini hasa. Niliyoyaacha kwenye simulizi yalikuwa mengi kuliko niliyoyasema. Sikusema kwamba kabichi na viazi, ambavyo kwetu Njombe tunavitupia ng'ombe vikizidi, kule vinafika kwa chombo kutoka bara na bei yake inamfanya mtu akirudishe alichokwisha kukishika. Sikusema habari ya mbu. Sikusema kwamba bibi jirani, mwalimu wangu wa mwezi, alirudi mwambani siku nyingi za bamvua akiwa na pweza mmoja mdogo au bila kitu, miguu imechanjwa na mawe, na kwamba alikuwa akikumbuka miaka ambayo mtu hakuhitaji kwenda mbali ili kupata. Siku za maji mafu, ambazo mimi nilizipenda kupita zote kwa sababu kijiji kilitulia na wanawake walikaa barazani wakisuka na kuzungumza, zilikuwa siku ambazo hakuna kilichoingia. Nilimwambia mara moja kwamba ninaupenda utulivu wa siku hizo. Alifikiri kidogo, akasema, "Maji yamekufa na mfuko umekufa, mwanangu, ndiyo maana umenyamaza."

Nilicheka wakati ule. Ilibidi nirudi Njombe, nisimame nyuma ya kaunta yangu mwenyewe saa nne asubuhi huku nikihisi mwili mzima unataka kutoka nje kwenda kuangalia ufuko ambao uko mbali kwa zaidi ya siku moja ya safari, ndipo nilipoyasikia maneno yale. Nilikuwa nimeishi kwa saa ya maji bila kuitegemea. Unga wangu ulitoka kwenye mshahara wa mdogo wangu na kwenye pesa ambazo mume wangu alituma kwa simu kila Ijumaa, pesa zilizopatikana kwa kufungua duka saa moja na nusu kamili, kila siku, bamvua au maji mafu. Ile raha ya kutochelewa popote, ambayo niliidhani ni mali ya kisiwa, kwa sehemu kubwa ilikuwa mali ya mtu ambaye kuna mwingine anachelewa kulala kwa niaba yake. Sitaki kusema kisiwa kilinidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, na tena kwa furaha.

Nilimwambia mume wangu hayo usiku mmoja mwishoni mwa Julai, tumekaa jikoni karibu na jiko la kuni, kwa kuwa mkaa hatuwashi ndani na hilo ni jambo ambalo hatuchezi nalo. Sikuyapanga vizuri. Nilianza na pweza nikamaliza na daftari la madeni. Alisikiliza, akachochea moto, akasema kwamba mwezi wa Februari, mtoto alipougua tetekuwanga na duka lina foleni hadi barabarani, alikaa chini nyuma ya magunia ya mbolea akalia, kisha akainuka akaendelea kuuza. Katika miezi 5 na nusu ya kuzungumza kwa simu karibu kila siku, hakuwahi kulitaja. "Ungerudi," alisema, "na mdogo wako alikuhitaji." Nilinyamaza. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, bamvua ni nini, na nikachukua mkaa uliozimika nikamchorea sakafuni jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, maji yakivutwa pande mbili. Ndiye mtu wa kwanza nyumbani aliyesikiliza habari za Mafia bila kuhesabu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo haina mengi ya kusimulia. Agosti ilikuja na kazi zake. Watu wa ruzuku ya mbolea walihitaji kuhakiki taarifa zao, mahindi yalikuwa yanapukuchuliwa, malori ya viazi yaliziba njia. Nilijikuta ninaamka saa kumi na moja bila kengele, kama zamani. Mafuta ya nazi yalikaa rafuni, na kila asubuhi binti yangu aliyachota kwa ncha ya kijiko, akayayeyusha kiganjani na kujipaka miguu kabla ya kwenda shule, kazi ambayo Utende isingemwingia mtu akilini. Wali naupika sasa vizuri; nazi nikiipata, ambayo huku huuzwa moja moja kama dawa, naikuna kwa mbuzi niliyokuja nayo, na mtoto wa mwisho hugombania machicha.

Mwezi niliendelea kuuangalia, lakini kwa vipindi. Mwanzoni nilijua kila siku maji ya Ghuba ya Chole yako wapi, hata nikiwa napima mbegu. Kisha nikawa nahitaji kufikiri. Kisha nikawa nakumbuka tu siku ambazo mdogo wangu amepiga simu.

Alipiga jioni ya tarehe 30 Septemba. Mtoto sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, anashika kila kitu na kukitia mdomoni, pamoja na ukili wa bibi jirani, ambaye naye alikuwapo hapo hapo akitaka kusalimia. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza baridi imepungua, kisha akanitega kama alivyozoea kunitega barazani: "Haya, mama mkubwa, leo maji yetu yametoka saa ngapi?"

"Saa nne," nilijibu papo hapo.

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kile cha kukohoa, na mdogo wangu akicheka nyuma yake, na mtoto akipiga kelele kwa sababu wengine wanapiga. "Saa nne! Leo maji mafu, mwanangu. Yametoka alasiri, tena hayakufika popote."

Tulipomaliza kuzungumza nilijifunga kitenge nikatoka uani kuhakikisha. Mwezi ulikuwa nusu kamili, umeelekea magharibi juu ya miti ya miwati ya jirani, na ulikuwa umekua kiasi hicho kwa siku tisa nami nikipita chini yake kila usiku kwenda kufunga banda la kuku.